Ng'ombe Waliokamatwa Mokhoabong

Ng'ombe wa kaka yangu Lebenya walikamatwa asubuhi ya Jumanne moja mwezi wa Oktoba, wakila majani mabichi kwenye kinamasi cha Mokhoabong. Walinzi wawili wa malisho waliwashusha mlimani hadi kwenye zizi la mawe nyuma ya ofisi ya baraza, wakafunga lango kwa mnyororo. Mwenyekiti wa baraza letu alikuwa mke wangu, 'Malineo. Ndiye aliyesimamia amri ya kukifunga kinamasi, na ufunguo wa ule mnyororo ulikuwa unakaa nyumbani kwangu, kwenye msumari juu ya jiko.

Naanzia hapo kwa sababu watu wengine wa kijiji chetu cha Ha Moqalo wakisimulia habari hii huanzia kwa yule ng'ombe aliyekufa, na ukianzia huko mke wangu anaonekana mtu mbaya.

Mokhoabong iko juu kabisa, pale milima miwili inapokutana. Nilipokuwa kijana ukiikanyaga mguu ulizama hadi gotini. Theluji ilikuwa inakaa huko juu hadi Septemba, inayeyuka taratibu, maji yanapita chini ya nyasi yanashuka upande wetu hadi kwenye bomba la kijiji, na upande wa pili hadi kwa jirani zetu wa Ha Lepolesa. Siku hizi theluji ikija leo, kesho imekwenda. Mvua nayo inachelewa, halafu inakuja yote kwa pamoja na mawe yake na kuporomoka kama ndoo iliyopigwa teke. Na kwa kuwa kwingine kote ni kukavu, ng'ombe wote wanakimbilia Mokhoabong. Palipokauka, panya wa milimani wakachimba mashimo. Mashimo yakabomoka yakawa makorongo, na makorongo yakanyonya maji yaliyobaki. Bomba letu likawa linakauka kabla Agosti haijaisha. Wanawake wakawa wanateka maji mtoni, kule chini. Kushuka si kazi. Kupanda na ndoo kichwani, usiulize.

Mimi nilirudi kutoka migodini na kifua kibovu, sikuwa na la kufanya zaidi ya bustani, kondoo wachache na ng'ombe wawili. 'Malineo akagombea udiwani. Wanawake walimpa kura kwa ajili ya lile bomba, si kwa lingine, na barazani akafanywa mwenyekiti. Wilayani walikuwa wametenga fedha kwa mabaraza yatakayofanya kitu kuhusu mabadiliko ya tabianchi, na akaletewa ofisa mmoja kijana, Relebohile, mtu mwenye moyo mzuri na viatu vya mjini. Wakapanga mambo mawili. La kwanza, kujenga vizuizi vya mawe kwenye makorongo, wanakijiji wenyewe wakilipwa kibarua. La pili, kukifunga kinamasi miaka mitatu, asilishe mtu.

Mkutano wa kwanza ulifanyika Juni mbele ya ofisi ya baraza. Relebohile alikuja na picha zake za kuonyesha ukutani, jenereta ikagoma, basi akazieleza kwa mdomo. Akasema mengi kuhusu joto la dunia. Wanaume walikaa wamejifunga mablanketi hadi puani. Mwisho mmoja wao akasema, "Tumesikia," na wengine wakaitikia, "Tumesikia."

'Malineo alirudi nyumbani akiimba.

"Wamekubali wote," akaniambia. "Hakuna hata mmoja aliyepinga."

"Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali," nikasema.

"Si ndiyo maana yake wameelewa?"

"Mama Lineo, ukimwambia mwanamume kwamba ng'ombe wake wasile mahali, na asikuulize chochote, hajakubali. Ameshaamua."

Akaweka sufuria chini. "Na kwa nini hukusema pale pale?"

"Pale nilikuwa mume wa mwenyekiti. Ningesimama wangesema nimetumwa."

Hakupenda jibu hilo, na kwa kweli hata mimi sikulipenda. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Julai na Agosti wanawake na vijana walibeba mawe, wakajenga vizuizi vizuri tu. Septemba milima yote ikawa rangi ya blanketi kuukuu, Mokhoabong peke yake ikaanza kuchipua, na Oktoba ndipo ng'ombe wa Lebenya wakakamatwa.

Alasiri ya siku ile ile kaka yangu alikuja kwa farasi. Akashuka, hakuingia.

"Pheello, mwenyekiti yupo?"

"Kaka, karibu ndani. Uji wa mtama upo."

"Nimeuliza mwenyekiti, sijauliza uji."

'Malineo akatoka. Alikuwa amejifunika mabega kwa blanketi kama afanyavyo siku zote mbele ya wakubwa wa ukoo wetu, na macho ameyaelekeza chini.

"Ntate," akamsalimu, ndiyo kusema baba.

"Nasikia umewakamata ng'ombe wangu."

"Walinzi wamekamata ng'ombe waliokuwa Mokhoabong. Hawakuuliza ni wa nani."

"Na wangekuuliza wewe?"

"Ningewaambia wawalete hivyo hivyo, ntate."

Lebenya akanitazama mimi, kisha akamtazama yeye. Ni mtu mrefu, na akikasirika huwa hapazi sauti, anaishusha.

"Unawajua hao ng'ombe ni wajukuu wa nani? Mahari yako ilitoka kwenye zizi langu. Huyu Pheello hakuwa na hata mbuzi. Alikuwa na koti moja la kuazima. Hao uliowafungia mnyororo, bibi zao ndio waliokwenda kwa baba yako ndipo wewe ukaletwa hapa."

Koti halikuwa la kuazima, lakini haikuwa saa ya kuzungumzia koti.

"Nalikumbuka hilo, ntate, na nashukuru," 'Malineo akasema. "Faini ni ile ile iliyosomwa mkutanoni."

"Silipi. Aliyewakamata awakamue."

Akapanda farasi wake akaondoka. Binti yetu Lineo, aliyekuwa amesimama mlangoni, akauliza kama baba mkubwa hali tena kwetu Jumapili.

Sasa, zizi la baraza lilijengwa kwa ajili ya kuwaweka ng'ombe siku moja, labda mbili, mwenyewe alipe aondoke nao. Hakuna aliyewahi kufikiria mtu atakayekataa kulipa. Zizi halikuwa na paa wala hori, wala fungu la fedha la kununulia nyasi. Jumatano niliwapakia punda wangu mabua ya mahindi niliyokuwa nimeyahifadhi kwa ajili ya kondoo, nikawapelekea wale ng'ombe. 'Malineo aliniona nikitoka nayo. Alhamisi nilipofika zizini nilimkuta yeye yuko ndani na gambuti zake, anabeba maji kwa ndoo. Maji yenyewe ameyatoa mtoni.

"Mwenyekiti unawahudumia wafungwa?" nikamtania.

"Nyamaza, shika ndoo hii."

Ijumaa ikanyesha mvua ya baridi iliyochanganyika na barafu, ikapiga kutwa nzima. Ng'ombe wa Oktoba si ng'ombe, ni ngozi iliyotundikwa kwenye mifupa. Asubuhi yake tukamkuta Phatšoa, ng'ombe mzee mweusi mwenye mabaka meupe, amelala ubavu kwenye tope, na wenzake wamesimama mbali naye. 'Malineo aliinama akamshika sikio. Kisha akaniambia niende nikamwite mwenyewe.

Lebenya alikuja na wanaume watatu. Walimchuna pale pale nje ya zizi, wakapakia nyama kwenye mkokoteni. Kijiji kizima kilikuwa kimejua kabla hawajamaliza. Njiani kurudi nyumbani, mke wangu alisalimia watu wawili na wote wawili wakajifanya wanatafuta kitu chini.

Jioni 'Matšeliso, mke wa Lebenya, alifika kwetu na beseni lililofunikwa kitambaa. Ndani kulikuwa na sehemu nzuri ya ubavu.

"Amesema hii ni ya baraza," akasema, akiwa na aibu kidogo.

'Malineo alilitazama lile beseni. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa kwenye kigoda, halafu nikaona kwamba hacheki tena. 'Matšeliso akaweka beseni mezani, akakaa karibu naye, akamshika mkono. Mimi nikatoka nje kutazama kondoo ambao hawakuhitaji kutazamwa. Niliporudi, nyama ilikuwa jikoni inachemka na wao wawili wanamenya viazi. Tuliila. Sijui Lebenya aliituma kwa kejeli au kwa sababu sehemu ile ni ya nyumba ya mdogo wake kwa desturi. Nadhani hata yeye hakujua.

Jumapili tukakuta vizuizi viwili vya mawe vimebomolewa. Hapo wanawake waliovijenga wakaja kwetu na moto wao, wakitaka mtu akamatwe. Na wenye ng'ombe nao walishapeleka maneno kwa chifu, wakitaka mwenyekiti ang'olewe.

"Nifanyeje, Pheello?" mke wangu akaniuliza. Alikuwa ameutoa ufunguo kwenye msumari, anaugeuzageuza. "Nikifungua?"

"Kesho kutwa ng'ombe wote wa Ha Moqalo wako juu."

"Nisipofungua?"

"Atakufa mwingine."

Akavaa blanketi lake, akatoka. Nilimfuata kwa mbali hadi kwa kaka yangu. Alisimama nje ya uzio, akasubiri mpaka Lebenya alipotoka.

"Ntate, chukua ng'ombe wako. Faini iko pale pale, utaleta ukiwa nayo. Lakini mimi siwezi kuwafunga mahali pasipo nyasi. Phatšoa alikufa mikononi mwangu, na hilo nakuomba radhi. Kukifunga kinamasi, kwa hilo siombi radhi."

Lebenya akaupokea ufunguo, akaushika kama mtu aliyepewa kitu cha moto.

"Ufunguo nirudishe kwa nani?"

"Kwangu. Bado mimi ni mwenyekiti."

Kutoka hapo 'Malineo alikwenda moja kwa moja kwa chifu wetu, 'Mamotebang, mjane mwenye maneno machache anayeogopwa hata na mbwa wake. Akamwomba aite mkutano yeye mwenyewe, kwa jina lake, na usifanyike ofisini. Ufanyike juu, Mokhoabong.

Watu walipanda. Wengine walipanda kwa sababu chifu kaita, wengine kwa sababu walitaka kuona mke wangu akiaibishwa. 'Mamotebang aliketi juu ya tandiko la farasi lililowekwa kwenye jiwe. Relebohile alikuja bila mashine yoyote, amevaa gambuti za kuazima zilizokuwa kubwa kuliko miguu yake. Upepo ulikuwa unauma.

'Malineo alisimama. Alieleza habari ya Phatšoa kama ilivyokuwa, hakuficha. Kabla hajamaliza, Sekete, mwenye duka, akapaza sauti kutoka nyuma.

"Diwani! Na sisi tuletee nyama ya baraza!"

Watu wakaangua kicheko.

"Wewe Sekete hata ya dukani kwako hujawahi kumpa mtu," 'Malineo akamjibu, na kicheko kikageuka upande. "Sasa nasikiliza. Juni niliwaita nikawaambia. Leo sisemi. Leo semeni ninyi."

Kisha Lebenya akavua kofia.

"Mimi nitasema. Mmetuambia tusilishe hapa. Sawa. Hapa panakufa, nina macho, naona. Lakini ninyi mmetuonyesha mahali pa kutokwenda, na mkafunga mkutano. Nauliza leo mbele ya chifu. Twende wapi? Oktoba na Novemba, mvua bado, nyumbani hakuna kitu. Mniambie wapi, niwapeleke huko kesho asubuhi."

Watu wakamgeukia Relebohile. Kwenye mipango yake yote hapakuwa na jibu la hilo. Na sisi wengine wote jibu tulikuwa nalo, ila hakuna aliyetaka kulitaja. Ng'ambo ya mgongo wa mlima kuna malisho mapana ya Ha Lepolesa, yenye nyasi ndefu ambazo wao wenyewe hawazimalizi. Hatujakanyaga huko tangu waibiwe farasi na kusema wezi ni sisi.

Kabla hilo halijasemwa, bibi mmoja, 'Mapuleng, akasimama akiegemea fimbo.

"Lebenya, mwanangu, umesema vizuri kuhusu ng'ombe. Na mimi sina ng'ombe, nina ndoo. Ndoo yangu iende wapi?"

"Mama, mimi sijakuzuia maji."

"Chai unayokunywa asubuhi, maji yake yanatoka wapi?"

"Nyumbani."

Watu wakacheka tena. Lakini mtu mmoja hakucheka. 'Matšeliso aliinuka kutoka kati ya wanawake. Sijawahi kumwona akisema mbele ya mkutano, si kabla wala si baada.

"Yanatoka mtoni," akamwambia mumewe. "Nayabeba mimi. Na goti langu unalijua, ndiwe unayelikanda."

Lebenya akavaa kofia yake. Akaivua tena. Mwisho akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Basi twendeni Ha Lepolesa."

'Mamotebang akagonga fimbo yake kwenye jiwe. "Atakwenda Lebenya, na atakwenda mwenyekiti. Pamoja."

"Na mimi?" Relebohile akauliza.

"Wewe mwanangu tafuta kwanza viatu."

Nilikwenda nao mimi pia, maana hao wawili walikuwa bado hawasemeshani. Tulipanda farasi watatu mfululizo, mimi katikati. Kaka yangu akitaka kusema kitu ananiambia mimi.

"Mwambie mwenyekiti tukifika asianze na habari ya tabianchi. Chifu Lepolesa ataanza kusinzia."

"Mama Lineo, umesikia?"

"Mwambie ntate nimesikia. Na mwambie asianze na habari ya farasi walioibiwa."

"Kaka, umesikia?"

"Mimi siwezi kuanza na farasi. Yeye ndiye atakayeanza na farasi."

Na kweli. Chifu Lepolesa alitukaribisha, tukapewa pombe ya mtama, tukaulizana hali za watu na mifugo, na mara tu vikombe vilipojazwa mara ya pili akasema, "Farasi wangu mmenirudishia?"

Lebenya akaweka kikombe chini. Walibishana habari ya wale farasi hadi jua likahama upande mmoja wa ukuta kwenda mwingine. Nani alionekana wapi, nyayo zilielekea mto gani, nani aliuza tandiko kwa nani. Nilidhani tutarudi mikono mitupu. Mke wangu alikaa kimya muda wote, mabega yamefunikwa. Walipochoka akauliza swali moja tu.

"Ntate chifu, bomba lenu lilikauka lini mwaka huu?"

Lepolesa akamtazama kama vile alikuwa amesahau kuwa yupo. "Mapema kuliko mwaka jana. Kwa nini?"

"Letu pia. Maji ni yale yale, yanatoka Mokhoabong. Sisi tukilisha kule, kwako wanawake wanashuka mtoni."

"Kwa hiyo mmekuja kuniomba malisho, au mmekuja kuniambia mnaniharibia maji?"

"Yote mawili, ntate."

Chifu akacheka, mara ya kwanza tangu tufike. Kuanzia hapo ndipo mazungumzo yakaanza kwa kweli. Alitaka mambo mawili. La kwanza, wachungaji wetu wote waje kwanza nyumbani kwake wamsalimie, awajue kwa sura, na uso asioujua ukionekana kwenye malisho yake utakamatwa. Lebenya akakubali hapo hapo, akasema atawaleta mwenyewe. La pili, vizuizi vya mawe vijengwe upande wao pia, na watu wao walipwe kama wetu.

Kaka yangu akanigeukia. "Mwambie mwenyekiti akubali."

"Siwezi kukubali," 'Malineo akasema, moja kwa moja kwa chifu. "Fedha zile ni za baraza letu. Ninyi mko chini ya baraza lingine. Nitalipeleka wilayani, nitalisukuma, lakini siahidi."

Lebenya alikuwa karibu kuitafuna kofia yake kwa hasira. Lepolesa akavuta tumbaku.

"Wengine wote wanaotoka ofisini huniahidi," akasema mwisho. "Sawa. Leteni ng'ombe. Mvua ikishika, waondoke."

Tulipokuwa tunarudi, kwenye kivuko cha kijito, farasi wa 'Malineo alikataa kuingia majini. Lebenya aligeuka nyuma, akamshika lijamu akamvusha. "Mpige kisigino, dada," akamwambia. "Huyu farasi ni mvivu kama mumeo." Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwake tangu siku ya ufunguo, na tangu hapo sikuhitajika tena kukaa katikati.

Ng'ombe wa Ha Moqalo walivuka mgongo wa mlima wiki iliyofuata. Si wote. Wapo waliokataa, wakasema hawawezi kwenda kumsalimia Lepolesa kama watoto, na baadhi yao walikamatwa Mokhoabong wakalipa. Baraza lilibadilisha utaratibu: mfugo ukikamatwa unarudishwa kwa mwenyewe siku hiyo hiyo, na faini inafuata. Lebenya alilipa ya kwake alipouza sufu. Habari ya Phatšoa, 'Malineo aliipeleka wilayani, wakamjibu kwamba hakuna fungu la fedha la kulipia ng'ombe aliyekufa. Basi akachukua mtamba mmoja kati ya ng'ombe wetu wawili, akamwongoza mpaka kwa kaka yangu. Nilijua Lebenya atakataa. Hakukataa. Alimfungua mdomo akamtazama meno, akasema mama yake alikuwa mvivu wa maziwa, akamwingiza zizini.

Waliobomoa vizuizi hawakujulikana. Vilijengwa upya. Vya Ha Lepolesa vilichelewa mwaka mzima, na katika mwaka huo 'Malineo alikwenda wilayani mara nyingi hadi mlinzi wa geti akawa anamwita shangazi. Relebohile ndiye aliyelisukuma jambo hilo hadi mwisho. Alikuja kutuambia amevaa gambuti zake mwenyewe.

Mwaka uliofuata bomba lilikauka kama kawaida. Mwaka wa pili lilitoa maji hadi katikati ya Septemba, kidogo kidogo, unaweka ndoo unakwenda kusuka mkeka unarudi. Halafu likakauka. Wapo waliosema ni kazi ya vizuizi, wapo waliosema ni theluji iliyoanguka vizuri mwaka ule. Relebohile mwenyewe alisema ni mapema kujua.

Uchaguzi ulipofika 'Malineo alishindwa. Alishindwa na Sekete mwenye duka, ambaye aliwaahidi wenye ng'ombe kwamba atakifungua kinamasi kabla ya muda. Siku ya matokeo mke wangu alilala mchana, jambo ambalo sijamwona akilifanya tangu tuoane. Aliamka akanywa chai, akasema, "Watakifungua, Pheello. Kazi yote ile."

Lakini Sekete alipoitisha mkutano wake wa kwanza na kutaja kufungua, aliyesimama alikuwa kaka yangu.

"Ukifungua, kwa Lepolesa utakwenda wewe kumweleza?" akauliza. "Mimi nimewapeleka wachungaji wetu pale kwa mkono wangu. Nimekula kwake. Ng'ombe wetu wako kwake sasa hivi tunavyozungumza."

"Ntate Lebenya, wewe ndiye uliyefiwa na ng'ombe kwa ajili ya kinamasi hiki!"

"Ndiyo. Sasa unataka awe amekufa bure?"

Wanawake wakapiga vigelegele. Sekete akasema suala hilo litajadiliwa baadaye, na bado linajadiliwa.

'Malineo hana cheo tena. Yumo kwenye kamati ya vizuizi pamoja na 'Mapuleng na wengine, na juzi wamepanda kuziba korongo jipya lililofunguka baada ya mvua ya mawe, upande wa juu ambako hawakutarajia. Ameniambia ni kubwa kuliko yale ya kwanza. Leo amekwenda tena, na ugali nimesonga mimi. Lebenya amepita asubuhi na mkokoteni kuwabebea mawe, akalalamika kwamba mawe ya karibu yamekwisha yote, sasa inabidi kuyafuata mbali.